Picha ya Mlima Sebuleni

Wakati wa Hali ya Hatari nilikuwa yaya kwa mzungu huko Subukia. Mpishi ndiye aliyenichoma. Alimwambia bwana kwamba kila asubuhi nikipangusa picha ya mlima wenye theluji, nasimama kuuomba, eti ni Kirinyaga, mlima mtakatifu ambao waasi wa msituni huuelekea wakiomba.

Bwana akaita askari.

"Wewe mama, huu mlima gani?"

"Wa Ulaya, afande. Ulichorwa kwa rangi ya maji enzi za babu yake memsabu. Aliniambia mwenyewe."

Askari akacheka. "Mzungu akuhadithie wewe mambo ya babu yake?"

Sote tukamgeukia memsabu. Alijua nasema kweli. Akakoroga chai, akasema yeye haongei na wafanyakazi habari za picha.

Nikapandishwa lori na aproni yangu kiunoni.