Panya wa Mlimani Walivyochagua

Eufrazia, ambaye wengi walimwita Mama Judith, aliishia darasa la saba. Lakini mwaka 1993, katika maabara ndogo ya mjini Morogoro alikofanya kazi, hakuna aliyewajua panya kumzidi. Aliwalisha, akawasafishia vizimba, na majaribio yalipofanyika yeye ndiye aliyeandika daftarini.

Zilikuwa enzi za ruksa. Sumu ya panya, ambayo zamani ilipatikana kwenye duka la ushirika peke yake, sasa iliuzwa na kila mwenye meza sokoni. Iliyopendwa zaidi ilikuwa unga wa kijivu kwenye vifuko vya nailoni visivyo na maandishi. Ignas, mtafiti kijana aliyeongoza maabara, alitaka kujua kama panya huukwepa. Kila panya aliwekewa vibakuli viwili, kimoja cha pumba tupu, kingine cha pumba yenye unga ule, na Eufrazia akaandika alichokigusa kwanza. Kati ya panya mia na ishirini waliozaliwa vizimbani, sitini na wanne walianza na pumba tupu, hamsini na sita wakaanza na sumu.

"Kama hawachagui, tungetarajia sitini kwa sitini," Ignas alimweleza. "Chukua tofauti, izidishe kwa yenyewe, gawanya kwa sitini. Fanya hivyo kwa kila kibakuli, kisha jumlisha. Ikipita tatu nukta nane nne, hiyo ni vigumu kuiita bahati."

Ilitoka nukta tano tatu, chini kabisa ya hapo: panya hawakuukwepa. Ignas akaridhika.

Eufrazia hakuridhika. "Mtaalamu, hawa hawajawahi kuiona sumu. Wa kwetu mlimani wanaishi nayo msimu wa pili sasa."

Kwa wiki sita kaka yake Petro, mkulima wa mahindi kwenye miteremko ya Uluguru, alitega panya, na kila Jumamosi Eufrazia akapanda kuwachukua wakiwa hai ndani ya makopo yaliyotobolewa. Majirani walisimama kumtazama akishuka na mzigo unaokwaruzakwaruza. Waliitikia salamu yake, basi.

Panya wa mlimani walikisogelea kibakuli cha sumu polepole, wakanusa, wakarudi nyuma. Themanini na saba walichagua pumba tupu. Thelathini na watatu tu ndio walioigusa sumu. Eufrazia alikokotoa mara tatu, na mara zote akapata ishirini na nne nukta tatu.

"Wauzaji wameichakachua," alisema Ignas. "Panya anaumwa, hafi, anajifunza. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nitaandika ripoti."

"Itasomwa lini, mtaalamu? Mahindi yanakaribia kukomaa."

Ignas alivuta karatasi, akaanza kuandika.

Kesho yake Eufrazia alipanda mlima. Paka wa kijiji walikuwa wamekufa karibu wote, kwa kula panya wagonjwa mmoja baada ya mwingine. Petro alimwambia kwa furaha kwamba hata bundi hawalii tena. Eufrazia alijua kwamba bundi nao hula panya.

"Kaka, vuneni sasa, hata kama hayajakauka. Yatundikeni juu ya moshi. Huo unga hauwazuii panya."

"Umeambiwa na nani?"

"Nimehesabu."

Petro na mkewe Yuliana walivuna. Majirani walicheka, wakaongeza unga pembezoni mwa mashamba yao.

Panya waliingia wiki ya tatu baada ya hapo. Walikata mabua, wakatafuna magunzi yakabaki meupe, shamba baada ya shamba. La Petro lilikuwa tupu, wakalipita. Hapo maneno yakaanza, kisimani na mlangoni mwa kanisa. Eufrazia alijuaje? Na wale panya hai aliokuwa akiwabeba, nani aliwahi kumwona akiwaua?

Jumapili Eufrazia alipopanda kwa misa, alibaki peke yake kwenye benchi zima. Akampelekea mwenyekiti wa kijiji daftari, akamwonyesha themanini na saba, akamwonyesha thelathini na tatu. Mwenyekiti alilitazama bila kuligusa.

"Dada yangu," alisema, "shuka sasa hivi, vijana wakiwa bado shambani."

Petro alimsindikiza hadi barabarani, panga mkononi.

Ripoti ya Ignas ilitoka Novemba. Wiki hiyohiyo ilifika barua ya Petro: ghala lao lilikuwa limechomwa pamoja na mahindi, watoto hawapati wa kucheza nao, na Eufrazia asipande Krismasi. Aliisoma akiwa amesimama kati ya vizimba. Kisha akaikunja, akachukua ndoo ya pumba, akaendelea kulisha.