Mabuti ya Kuazimana

Mwaka ule mahindi yalikauka shambani, tukala michembe asubuhi na jioni, hadi watoto wakiona viazi vikavu wananuna. Ndipo alipokuja hapa Kasoli binti mmoja wa chuo, kuuliza tunavyopiga dawa kwenye pamba. Mjukuu wangu, nakuandikia haya kwa kuwa nasikia nawe umepewa kazi kama yake.

Siku ya kwanza alikosea. Alishuka kwenye gari la bwana shamba. Sisi tukimwona bwana shamba tunajua jibu analolitaka: tunavaa mabuti, tunaziba pua, makopo matupu tunafukia. Kumbe mtaa mzima ulikuwa na jozi moja ya mabuti, ya jirani yangu Minza na mumewe. Yakapitishwa nyuma ya nyumba, kila kaya ikayaonyesha. Kwangu yalifika na joto la miguu ya mtu. Binti akayatazama, akafunga daftari.

Kesho yake alirudi peke yake, kwa miguu, akaomba jembe. Akapalilia nasi hadi viganja vikatoka malengelenge. Hapo ndipo akaona tusichokisema: bomba la kupigia dawa anabeba mume, lakini maji anachota mke, na dawa anakoroga mke, kwa kijiti, na kijiti kikipotea, kwa mkono.

Kabla pamba haijapasuka, Minza akaanguka shambani, povu mdomoni. Tukambeba hadi zahanati. Mumewe akasema ni malaria. Binti akanifuata jikoni, akataka nimweleze Minza alikoroga nini, kama ana mimba, kama alilazimishwa. Bila hayo, akasema, wakubwa wake hawatasadiki kuwa ni dawa.

Nikamwambia, "Mimi simsemei Minza. Nyumba yake ile pale, kamuulize mwenyewe."

"Na akifa, bibi?"

"Akifa tutamzika. Hatutamgawana."

Alilia, sikumbembeleza. Kisha akaenda kwa Minza, akawa anamchotea maji na kumfulia, haulizi kitu. Minza alipoweza kukaa, alimwita mwenyewe ndani, akafunga mlango.

Basi mwanangu, usishuke kwenye gari la mkubwa. Shika jembe kwanza. Ukidanganywa usikasirike, huyo anaogopa, tafuta anaogopa nini. Na ugonjwa wa mtu si wa jirani yake kuugawa, hata kama jirani huyo ni bibi yako. Mungu akutangulie, akukinge na sumu ya bomba na ya midomo, urudi mzima, nikikuuliza za huko unijibu mhola, kwamba ni salama.

Najua utataka kujua Minza alisema nini mle ndani. Mimi simsemei Minza. Nyumba yake ile pale, kamuulize mwenyewe.