Sekunde Arobaini Nyuma

Ukuta uliotenganisha nyumba ya Leonard Pruski na ya Bi Adelina Fusco ulikuwa wa tofali moja tu. Waliojenga mitaa ile ya Highlandtown, mjini Baltimore, walikuwa wakiwajengea watu wa viwandani, na mtu wa kiwandani hapewi ukuta mnene. Ukikohoa huku, wa kule atakuambia pole. Vijana wanaozinunua nyumba zile siku hizi huja na mafundi wa kuziba sauti, kwa sababu hawataki kumsikia mtu. Zamani kumsikia mtu ndiko kulikoitwa kukaa mtaani.

Leonard alikuwa na miaka sabini na tisa. Thelathini na minne kati ya hiyo aliitoa kwa kiwanda cha chuma, mpaka kikafungwa na tanuri lenyewe likauzwa kama chuma chakavu. Mkewe, Wanda, alifariki miaka kumi na mmoja iliyopita. Miaka miwili baadaye Bi Adelina naye akamzika mumewe, Sal. Kilichobaki kati ya nyumba hizo mbili kilikuwa ni besiboli, na kugongeana ukuta.

Desturi hiyo waliianza Sal na Leonard, enzi zile walipokuwa wakirudi kazini hoi, hawana hata nguvu ya kufika baa ya pembeni. Timu ya mji ikipata pointi, unagonga mara moja. Mpira ukipigwa ukavuka uzio, mara tatu. Mchezo ukiisha, mmeshinda hamkushinda, unagonga mara mbili polepole, maana yake: mimi nipo, tutaonana. Leonard aligonga kwa mpini wa nyundo alioondoka nao kiwandani siku ya mwisho, akautundika kwenye msumari kando ya kiti chake. Sal aligonga kwa kisigino cha kiatu. Alipokufa, ukuta ulinyamaza wiki nzima, na Leonard hakuwasha televisheni. Wiki ya pili mpira ukavuka uzio, na kutoka upande wa pili zikaja: ko, ko, ko. Leonard alifuta macho kwanza ndipo akajibu. Bi Adelina alikuwa ameshika mwiko wake wa kukorogea sosi ya nyanya. Toka siku hiyo mwiko ule haukurudi jikoni. Alinunua mwingine wa kupikia.

Hawakuwahi kutazama mchezo katika chumba kimoja. Kwanza wangesemwa. Pili, Bi Adelina hakuvumilia harufu ya kabichi iliyochachuka ndani ya nyumba ya Leonard, na Leonard hakumvumilia mtu anayeongea wakati mrushaji anajiweka sawa. Ukuta uliwatosha.

Kisha binti yake Leonard, Noreen, akaja na akili mpya.

"Baba, unalipia chaneli mia mbili, unatazama moja."

"Hiyo moja ndiyo ninayoilipia."

"Wanakunyonya! Siku hizi kila mtu amekata kebo ya televisheni. Mimi nimekata, jirani zangu wamekata, hata padri amekata."

"Padri anatazama nini?"

"Baba, acha utani. Michezo yote iko kwenye intaneti sasa. Timu yako utaiona vilevile."

Noreen hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa na haraka tu, kama wote wa umri wake, na aliamini kwamba kitu kikifupishwa kimeboreshwa. Ijumaa ile alichomoa kisanduku cha kebo, akakifunga waya wake kama mtu anayemfunga kuku miguu, akaenda kukirudisha mwenyewe. Aliacha rimoti ndogo yenye vitufe saba. Leonard alivihesabu. Ile ya zamani ilikuwa na vitufe arobaini na saba, na yeye alikuwa akitumia vitatu.

Jioni hiyohiyo timu ikacheza. Leonard anamtazama mpigaji akipangusa viatu vyake, hajapiga wala hajakaribia kupiga, mara ukutani: ko, ko, ko. Akauangalia ukuta. Akaiangalia televisheni. Mpigaji bado anapangusa viatu. Kitambo kikapita, mpira ukaruka, ukavuka uzio, watu uwanjani wakasimama na kupiga kelele, na Leonard akabaki ameshika mpini wake, hajui kama agonge au asigonge. Aligonga. Ilikuwa kama kumwitikia mtu salamu akiwa ameshapinda kona.

Jumamosi asubuhi walikutana nje, kila mmoja amepiga magoti mbele ya mlango wake, anasugua ngazi za marumaru kwa brashi na unga wa sabuni. Katika mstari wa nyumba ishirini na sita walikuwa wamebaki wao wawili tu wanaosugua. Zilizosalia zilikuwa nyeusi kama meno ya mvuta tumbaku.

"Pruski!" aliita Bi Adelina bila kuinua kichwa. "Jana ulikuwa umelala?"

"Nani alale?"

"Nagonga, nangoja, nakunywa kahawa naimaliza, ndiyo kwanza unajibu. Nikasema basi, huyu damu imeanza kuganda."

"Ni televisheni, Bi Adelina. Noreen kanitoa kwenye kebo. Sasa picha inazungushwa sijui wapi huko kwenye intaneti, inanifikia imechelewa sekunde arobaini. Nimehesabu."

Bi Adelina aliweka brashi chini, akacheka mpaka akashika kiuno. "Yaani mimi niko leo, wewe bado uko jana!"

"Cheka tu."

"Nacheka, ndiyo. Na nani mwingine nitamcheka mtaa huu?" Kisha akamtazama. "Basi nisigonge. Nakuharibia."

Leonard alisugua ngazi yake pale pale palipokwisha kutakata. "Ukiacha kugonga, naitupa hiyo televisheni dirishani. Wewe gonga. Mimi nitasubiri picha."

"Utakuwa unajua kabla haijatokea."

"Kwani kuna ubaya? Nitakuwa nabii."

"Nabii mwenye soksi zilizotoboka," alisema Bi Adelina, akarudi kwenye ngazi zake.

Ikawa hivyo. Ukuta ukigongwa, Leonard anajibu papo hapo, kwa imani, kabla hajaona chochote. Kisha anajiegemeza, bia mkononi, anaingoja picha imletee furaha ambayo ameshaifurahia. Mtu huzoea chochote, na huo ndio ubaya wake. Kufikia Julai, Leonard alikuwa haoni tena ajabu ya kushangilia jambo asilolijua.

Jumapili ya pili ya Agosti mchezo ulianza saa saba na nusu mchana. Joto lilikuwa la kunata, na intaneti ya mtaa mzima ilikuwa imelemewa. Picha ilikuwa inakwama. Mrushaji anainua mguu, anabaki hewani, na katikati ya kioo kinatokea kiduara kinachozunguka, kinazunguka. Kisha picha inashtuka na kuendelea. Timu ilikuwa nyuma tatu kwa bila, zamu ya nne kati ya tisa, wapigaji wetu wawili wameshatolewa.

Ko. Ko, ko.

Leonard aliruka kitini. "Umevuka!" akasema peke yake, akagonga mara tatu kwa nguvu mpaka vumbi la lipu likamwagika. Akakaa kuingoja picha. Kiduara kikazunguka. Picha iliporudi, mpigaji alikuwa anatoka uwanjani ameinamisha kichwa.

"Basi leo nimeachwa mbali zaidi," aliwaza Leonard. "Utakuja tu."

Ukuta ukagongwa tena, mara moja, na kama kitu kimekwaruza. Sauti ilitoka chini, karibu na sakafu. Leonard alidhani jirani yake amechoka, anagonga kwa mguu. Pointi nyingine! Akajibu mara moja. Alicheka. "Leo tunawamaliza."

Baadaye kidogo zikaja mbili. Polepole, moja, kisha muda mrefu wa kungoja, kisha nyingine.

Leonard alikunja uso. Mbili polepole ni mchezo umekwisha, na yeye alikuwa bado kwenye zamu ya tano. Alichelewa sana, lakini si kwa kiasi hicho. Akafikiri, huyu mama ananitania, anataka niamini mchezo umeisha na mimi bado naangalia wanapangusa viatu. Alitabasamu. Akagonga mbili, polepole kama yeye, ili ajue ameshtukiwa.

Baada ya hapo ukuta ulinyamaza.

Zamu ya tano ikaisha. Ya sita ikaanza. Intaneti ilitulia, picha ikaenda bila kukwama, na pale juu kwenye kona ya kioo matokeo yalibaki tatu kwa bila. Leonard aliyatazama. Mpira haukuvuka uzio. Pointi haikuja. Akaanza kuhesabu kwa vidole, kama mtoto, mara ngapi ukuta umegongwa na mara ngapi picha imemlipa. Kisha akautazama ukuta. Mahali alipozoea kugonga Bi Adelina palikuwa usawa wa bega la mtu aliyekaa. Miaka yote hiyo sauti ilitoka hapo. Leo ilitoka chini ya soketi.

Bia ilianguka. Ufunguo wa nyumba ya pili ulikuwa kwenye ndoano jikoni, kama wake ulivyokuwa kwenye ndoano ya Bi Adelina. Alilikosa tundu la mlango mara mbili.

Bi Adelina alikuwa amelala sakafuni kati ya kiti na ukuta. Upande mmoja wa uso ulikuwa umelegea kama nguo iliyochomolewa kamba. Mwiko ulikuwa mkono wa kushoto, na yeye alitumia wa kulia maisha yake yote. Macho yalikuwa wazi. Yalimtazama Leonard. Juu yake televisheni ilikuwa inaendelea, na kwenye televisheni ile zamu ya sita ilikuwa tayari imekwisha.

"Nimekuja," alisema Leonard. "Adelina, nimekuja." Hakuwahi kumwita bila Bi.

Hospitalini, daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, aliuliza jambo moja tu.

"Mzee, ilianza saa ngapi?"

"Zamu ya nne. Wawili wametolewa."

"Saa, mzee. Kuna dawa ya kiharusi, lakini kabla ya kuitoa lazima nijue ni muda gani umepita."

Leonard alifumba macho, akajaribu. Zamu ya nne ya nani? Yake, au ya Bi Adelina? Picha ilikwama mara ngapi, dakika ngapi? Alitafuta saa ndani ya kichwa chake, akakuta kiduara tu kinazunguka. "Picha yangu ilikuwa imechelewa," alisema. Daktari alimgusa bega, akaandika kitu, akaingia ndani.

Bi Adelina aliishi siku nane bila kusema neno. Leonard alikwenda kila siku. Siku moja alichukua mkono wake, akagonga chuma cha kitanda kwa kidole mara mbili, polepole. Macho ya Bi Adelina yalihamia kwenye kile kidole, yakakaa hapo. Hakuna ajuaye alielewa nini. Alizikwa kando ya Sal, na mwanawe kutoka Arizona akaipangisha nyumba kabla ya majani ya miti kuanguka.

"Usijilaumu, Baba," alisema Noreen. "Usingeweza kujua."

"Kwa kebo ningejua. Ningeona hakuna mpira uliopigwa. Nisingemshangilia. Ameniita, Noreen. Mara tatu. Na mimi nikamshangilia."

Kwa mara ya kwanza Noreen hakutafuta simu yake.

Leonard alipiga simu mwenyewe kurudisha kebo. Kijana wa kampuni ya kebo alishangaa. "Mzee, watu wanaondoka, hawarudi. Una hakika?"

"Leta kisanduku," alisema Leonard.

Aprili msimu ulianza tena. Nyumba ya pili walikuwa wamehamia mume na mke vijana. Aliwaona mara mbili wakiingiza masanduku, wakampungia mkono. Ngazi zao za marumaru zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi. Alasiri ya mchezo wa kwanza, mpigaji wetu aliupiga mpira vizuri, ukapaa, ukapaa, ukavuka. Leonard alishtukia mpini uko mkononi na ukuta umeshagongwa. Ko, ko, ko. Alisimama hivyohivyo, kajiinamia, anasikiliza, ingawa alijua.

Mlango wa mbele ukabishwa hodi kwa haraka.

Alikuwa yule kijana wa jirani, pekupeku, anahema. "Samahani, mzee. Tumesikia unagonga. Nikadhani umeanguka. Uko salama?"

Leonard alimtazama. Alitazama miguu ile mitupu juu ya marumaru baridi. Kijana hakujua desturi yoyote. Alisikia ukuta ukigongwa, akakimbia, basi.

"Niko salama, mwanangu," alisema mwishowe. "Natundika picha."

"Ah, vizuri. Ukihitaji msaada, usisite, eh?"

Ndipo, sekunde arobaini nyuma, kutoka nyumba ya pili ikasikika sauti ya mkewe, akipiga yowe la furaha: "Umevuka! Njoo, njoo uone, umevuka!"

Kijana alicheka, akageuka, akakimbia kuuwahi. Leonard alifunga mlango. Alitazama mchezo mpaka mwisho, wakashinda. Aliushika mpini, akaupima uzito mkononi, kisha akautundika kwenye msumari wake.