Utafiti Wangu Umewafukuza Mama Zangu Mikokoni

Admin, nifichie jina, na chuo changu pia usikitaje. Wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, sijaolewa, naishi na mama yangu huku Kisauni, upande wa Mtopanga. Nasomea shahada ya pili ya uhifadhi wa mazingira na maisha ya watu wanaoyategemea. Nimebakisha kidogo sana nimalize, na hapo ndipo niliponaswa.

Baba alifariki nikiwa darasa la nne. Tangu hapo mama alinilea kwa mikoko. Maji ya bahari yakitoka, yeye na wenzake huteremka horini, kwenye mkono wa bahari wenye mikoko, huchimbua kaa kwenye matope, hubandua chaza kwenye mizizi, wakirudi wana na kuni kavu zilizoanguka zenyewe. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye kaa wale. Kwa hivyo nilipotakiwa kuchagua mada ya utafiti sikuhangaika. Nilitaka kuandika juu ya hawa mama.

Walinipokea kama mtoto wao. Mama Kadzo, mjane ambaye ni rafiki wa mama tangu usichana wao, ndiye aliyenifundisha kutembea kwenye matope bila kuzama. Walinionyesha kila wanapopita, kila wanapochimba. Walinionyesha hata visiki vibichi vya miti iliyokatwa na watu wanaokuja na mashua alfajiri kuchukua nguzo za kujengea. Yote niliandika. Nikasema wazi kwamba mama hawa hawakati mti mbichi, na kwamba wakiondolewa mle, wakataji watabaki bila wa kuwaona.

Msimamizi wangu, profesa anayeheshimika sana, alisoma akasema, "Kazi nzuri. Niachie, nitaifupisha kwa ajili ya wafadhili." Nilifurahi, jamani. Nilimpigia mama simu palepale.

Siku ya baraza la kuzindua mradi wa wafadhili hao tulikusanyika uwanjani karibu na ofisi ya chifu. Mahema, viti vya plastiki, soda. Mama na wenzake walikaa mbele wamevaa leso zao nzuri maana walidhani ni sherehe yao. Profesa akasimama, akasoma kwamba utafiti umeonyesha mikoko inaharibiwa na wakazi wanaoingia kila siku kuchimba na kuokota kuni, kwa hivyo sehemu yote itafungwa, kutawekwa walinzi, na mama watafundishwa ufugaji wa nyuki. Kisha akataja jina langu. "Huyu ni binti yenu, wa hapahapa. Mpigieni makofi!"

Sikumbuki nilifikaje mbele. Nakumbuka nilishika kipaza sauti nikasema, "Samahani, mimi sikuandika hivyo. Mama hawa hawakati miti." Profesa akacheka, akakichukua kipaza sauti mkononi mwangu taratibu, akawaambia watu, "Anawaonea haya mama zake. Ndiyo tabia njema hiyo." Wageni wakacheka naye.

Mama Kadzo aliinuka. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Mwanangu, mimi nilikwambia hivyo?"

Nikamwambia, "La, mama, hukuniambia hivyo."

"Basi yametoka wapi, na jina ni lako?"



Kesho yake nilimfuata profesa ofisini. Hakugomba hata kidogo. Alinikaribisha kiti, akaniambia wafadhili hawatoi pesa kwa habari ya watu wa mashua wasiojulikana, wanataka kitu kinachoweza kufungwa kikaonekana kimefungwa. Nikamwambia nitasema ukweli popote nitakapoulizwa. Akanitazama kwa huruma, wallahi kwa huruma kabisa, akasema, "Tasnifu yako bado inangoja sahihi yangu. Usijiharibie."

Tangu hapo mambo yamezidi. Walinzi walimkamata Mama Kadzo na kikapu chake cha kaa, akalala kituoni. Alipotoka nilimwendea na unga na sukari. Alitoka hadi mlangoni akaniambia, "Rudi navyo, mwalimu." Hajawahi kuniita mwalimu maishani mwake. Kanisani mama akikaa, wenzake wanasogea. Chama chao cha akina mama kimemwambia apumzike kwanza. Sasa mama anatoka asubuhi kwenda Nyali kufua nguo za watu, na mgongo wake ni mbovu.

Juzi mama hao walipata wakili wa kuwasaidia bure kudai mikoko ifunguliwe. Alinipigia simu akaniomba nije niandikishe ushahidi, nilete na maandishi yangu ya mwanzo. Bila mimi, anasema, hawana kitu mkononi. Ananitaka wiki hii, na wiki hii ndiyo profesa ameahidi kutia sahihi.

Nilidhani mama ataniambia niende. Nilimkuta anajikanda mgongo, nikamweleza yote. Akaniita jina langu la utotoni.

"Abee, mama."

"Usiende. Mikoko imeshatoka mikononi mwangu. Na masomo yako nayo yatoke? Nitabaki na nini mimi?"

"Lakini Mama Kadzo..."

"Kadzo ni rafiki yangu, namjua. Acha mimi nichukiwe. Wewe maliza."

Akageukia ukutani. Nilimsikia analia, na sijawahi kumsikia mama akilia tangu mazishi ya baba.

Nikienda kwa wakili namvunja mama aliyenisomesha. Nisipoenda nawazika wenzake wote, na yeye ataendelea kuishi katikati yao hadi afe. Simu ya wakili imelia tena sasa hivi nikiandika, nimeiacha ilie hadi ikakatika. Nyinyi mlio na wazazi, na nyinyi mlio wazazi, nawasihi msinitukane, nina ya kunitosha. Niambieni tu: akipiga tena, nipokee?