Uma wa Chuma Haupandi

Siku yangu ya kwanza kazini nilimwambia bosi kwamba okestra yake yote imekosea. Nilikuwa nimetoka Voi kupitia chuo cha muziki, nikaajiriwa London kuwa kondakta msaidizi wa okestra ndogo ya muziki wa Baroko, yaani muziki wa Ulaya wa zamani, kabla piano haijashika usukani. Mazoezi yalikuwa katika ukumbi wa kanisa mtaani Peckham, baridi ya ndani ikiishinda ya nje. Mpiga hapsikodi, kinanda ambacho nyuzi zake hudonolewa badala ya kugongwa, akatoa noti A ili wenzake wajipimie. Nilishtuka. Ilikuwa chini kwa nusu toni, ule umbali wa kutoka kitufe kimoja cha piano hadi jirani yake. Nami nilijaliwa sikio linalotambua noti kama wewe unavyotambua sauti ya mama yako kwenye simu.

"Bwana," nikamwambia Mkurugenzi wa Muziki, "A yenu imeshuka."

Alikuwa mzee mrefu, sweta imetoboka viwiko. "Haijashuka," akasema. "Ninyi wa siku hizi ndio mlioipandisha. Sisi tumeiacha pale watunzi wa enzi hizo walipoiacha."

Akanipa uma wa sauti, kile chuma chenye meno mawili ambacho ukikigonga hutoa noti moja maisha yake yote. Wake ulitoa hiyo A ya chini. "Kaa nao mpaka uzoee." Nilikaa nao. Hakuwahi kuudai.

Msidhani kazi yetu ilikuwa kupunga kijiti. Baroko huongozwa kwa mikono mitupu, mara nyingi umekaa kwenye hapsikodi yenyewe, na nyuzi za vayolini ni za utumbo wa kondoo, hulegea mtu akikohoa. Kilichobaki ni kupatana bei. Waimbaji wanataka polepole wapate pumzi, wapiga besi wanataka haraka wawahi treni. Nilikuwa nataja mwendo wa kutisha kwanza, ili wanisihi nishuke hadi ule niliokuwa nautaka tangu asubuhi. Mapumziko ya mpiga tarumbeta, yale mapigo anayokaa bila kupuliza, niliyahesabu mara mbili, kwa niaba yake na kwa niaba yangu, maana mtu aliyekaa kimya muda mrefu huanza kuwaza chakula.

Kwenye karatasi zangu nilijiandikia sol-fa, ile do, re, mi, kwa penseli, kama tulivyofundishwa kwaya ya Voi: do ni pale mwalimu anapoiweka, na nyingine zote huifuata. Wenzangu walicheka kistaarabu. Nikaacha kuwaonyesha.

Baadaye nilipewa kwaya ya kanisa moja kubwa katikati ya jiji. Kasisi Mkuu wa pale hakupenda kitu kirefu kuliko mahubiri yake. "Hii Amina yako ina mwisho?" aliniuliza. Nikamjibu, "Inao, Baba, ila uko mbali." Mkurugenzi wangu wa kwanza alipostaafu, wakanirudisha Peckham, nikakalia kiti chake. Baridi ilikuwa ile ile.

Mvi zikanijaa kwenye kiti hicho, ndipo ukaja msimu wa Kwaresima ambao ulikuwa wa mwisho kwangu. Tulikuwa tunafanya mazoezi ya kazi ndefu ya mateso ya Kristo. Kiongozi wa vayolini alikuwa Nalini, mama mmoja wa mtaa wa Kenton, London, aliyezaliwa Kisumu dukani kwa baba yake. Hapsikodi ikatoa A.

"Nalini, nani amegusa hiki kinanda? Kimepanda nusu toni."

"Hapana, mwalimu. Iko sawa."

"Kimepanda."

Wapigaji wakaanza kukagua viatu vyao. Nalini akanionyesha simu yake, mshale wa kipimo umesimama katikati. Simu sikuiamini. Nikatoa uma, nikaugonga gotini, nikaubandika nyuma ya sikio. Uma nao ulikuwa umepanda.

Nikaugonga tena, kwa kuwa mimi hata nyanya sinunui bila kuzigeuza. Jibu lile lile. Na chuma hakipandi.

Mtaalamu wa masikio akaniambia kilichopanda ni sikio langu: huwapata wazee wenye sikio la namna hiyo, na halirudi lilikokuwa. Nikajaribu kumshusha: labda robo toni? Labda sikio moja?

"Yote mawili," akasema. Hakushuka hata kidogo.

Onyesho lilikuwa Jumamosi. Nikampigia Nalini.

"Nipe hili moja tu."

"Mimi siko dukani, mwalimu. Ukipotea je?"

"Nitaangalia upinde wako wa vayolini."

"Na mimi nikipotea?"

Nikamsihi tena. Akakubali. "Haya, kuja."

Wimbo wa kwanza wa kwaya ulipita salama. Wa pili, macho yakasoma noti moja, masikio yakaleta nyingine, na kila niliposoma nilisikia uongo. Mkono wangu ukachelewa. Sauti za besi zikaingia kabla ya ishara, soprano wakasita, kanisa zima limejaa. Nalini akauinua upinde juu sana, kama mtu anayepunga gari lisimame.

Nikafunga kitabu cha noti.

Kazi yenyewe niliijua kwa moyo. Kilichonipoteza ni yale majina ya noti. Nikaiweka do pale sikio langu lilipoikuta, kama kule Voi kabisa, na nyingine zote zikaifuata. Soprano wakaingia. Sikukifungua tena hadi mwisho.

"Uliendaje bila kitabu?" Nalini akaniuliza tukivaa makoti.

"Kwa sol-fa."

"Ile ya watoto?"

"Ile ile."

Akanitazama kama mtu aliyeuziwa kitu asichokiomba. "Basi unaweza kuendelea."

"Na siku A ikipanda kweli, nani atakwambia?"

Nikampa uma. Aliugonga mwenyewe mara moja, akausikiliza mpaka ukanyamaza, akautia mfukoni.

Sasa nasaidia kwaya ya Wakenya huko Woolwich, wauguzi wengi wao, wanaokuja na sare chini ya makoti. Mpaka leo nashtuka kila piano inapoguswa, hilo halizoeleki. Waimbaji wageni huniuliza, "Mwalimu, tupe sauti, tuanzie wapi?"

Nawaambia watoe do wenyewe, popote. Mimi nitawafuata.