Mwende wa Mihuri na Banner ya Watu wa Project

Nimejaribu kuandika "Mwende alikuwa" na vidole vinakataa. Mtu tulikunywa chai naye juzi tu. Homa ya mapafu imemchukua rafiki yangu wa Mashimoni, na mimi huku Kawangware nimekaa na gundi inakauka mkononi.

Kwa wale hamkumjua: Mwende alikuwa anachonga mihuri kwa soli za slippers zilizoisha, na wembe. Mimi nashona vitabu, vidogo, saizi ya kiganja, cover ya katoni. Kila kitabu na theme yake. Anachovya mhuri kwa wino, anagonga ukurasa baada ya ukurasa, na hadithi inatembea.

Cha kwanza kilikuwa cha mbuzi aliyepanda juu ya mabati kule mtaa wa Raila akakataa kushuka. Mtaa mzima umetoka kumbembeleza. Nilicheka mpaka sindano ikanidunga.

Kingine kilikuwa cha wanawake kwa foleni ya maji. Mitungi imejipanga, wenyewe wamekaa kando wanasukana. Alichonga mpaka chanuo.

Halafu ikaja project. Sitataja jina. Walituita workshop, tukapewa soda na badge. Boss wao akafungua vitabu vyetu, akasema ni vizuri sana, lakini donors wanataka kuona shida. Mwende achonge mitaro ya maji taka. Achonge watoto wenye njaa.

Mwende alimuuliza kwa upole kabisa, "Na kwenu mgeni akikuja, huwa mnamwonyesha choo kwanza?"

Hatukuitwa tena. Mwende akarudi nyumbani akaanza kitabu cha harusi.

Alipolazwa niliwapigia watu wa project, nikawaambia ni mgonjwa sana, angalau mtu mmoja aje amwone. Nikajibiwa wako kwa meeting. Nilipiga tena, wakawa field.

Amekufa, ghafla wana muda. Wameweka picha yake kwa page yao, chini wameandika walimuokoa kutoka kwa umaskini. Nilisoma nikazima simu.

Jana kwa ibada ya kumuaga, ukumbini Mashimoni, walifika kabla yetu na t-shirt za project na banner kubwa. Wakaitundika ukutani nyuma ya jeneza kabla hata hawajasalimia mtu. Boss akapewa mic, akasema wao ndio walimfundisha kuchonga, na alikuwa beneficiary wao bora kabisa.

Beneficiary. Mtu wa kusaidiwa, na amelala hapo kwa jeneza.

Wakati anaongea, mpiga picha wao aliinama akamwomba mamake Mwende asogee kidogo, kwa sababu anaziba logo.

Mama akasimama. Nilidhani anasogea. Akaenda moja kwa moja mbele, akanyoosha mkono apewe mic. Alituambia huyu mtoto alianza kuchonga jikoni kwao Kitui, kwa slippers za babake, zikiwa bado mpya, na alichapwa kwa hiyo kazi. Watu walicheka huku wanalia.

Kisha akamgeukia boss. Hakupandisha sauti.

"Wewe umemaliza kusema. Sasa toa hicho kitambaa kwa ukuta wa mtoto wangu."

Hakuna mtu alimsaidia. Boss alifungua mwenyewe, kamba moja moja, sisi wote tunaangalia. Na banner ilipoanguka ndio tukaona: nyuma yake kulikuwa na picha ya Mwende, kubwa, na maua, ile familia yake ilikuwa imetundika asubuhi.

Walikuwa wamemfunika. Ibada karibu nzima tuliaga logo.

Waliondoka kabla ya chakula. Tuliobaki tukasogeza viti mbele, tukaimba tukiangalia hiyo picha, na hakuna mtu alikuwa na haraka.

Mwende, kesho tunakupeleka Kitui. Hasira bado ninayo na sijui nitaiweka wapi. Lakini wewe pumzika, dadangu. Lala sasa. Uso wako tumeuona.