Mvuje kwenye Shati la Babu

Mwezi uliopita nilikwenda Zinga kwenye msiba, na kabla sijafika matangani njaa ikanishika, nikaingia kwa mama lishe mmoja pale barabarani. Nikaagiza wali na maharage, nikamwomba asininyunyizie mchuzi wa nyama, maana naujua ukarimu wao: humwagia upawa mmoja juu hata kama hukuomba. Yule mama akasimama, akanitazama usoni, akanitazama tumboni, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina nadhiri. Nikamwambia hapana, nimeacha nyama tu, mguu unanisumbua. Akaitikia "aa", lakini niliona kabisa kwamba hakuniamini. Alipokwisha kuniletea sahani alibaki karibu yangu akipangusa meza iliyokuwa safi tayari, akinitazama kwa pembe ya jicho.

Mwenzangu, yale macho nayajua. Nimekua nayo. Ulikuwepo wakati, nyumbani kwa bibi yangu, hapo hapo Zinga, ndani kidogo ya barabara kuu, ambapo kila mtu alimtazama mwenziwe hivyo, na chanzo kilikuwa nyama.

Nilikuwa nasoma shule ya msingi, nikiishi na bibi na babu wazaa mama. Babu alikuwa mtu wa minazi na mikorosho, mpole, mwenye kucheka kwa mabega bila kutoa sauti. Na alipenda nyama. Kwake Ijumaa haikuwa Ijumaa bila pilau, na muuza nyama wa kijijini, ambaye alikuwa rafiki yake tangu ujana, alimwekea nundu kabla hajamfungulia mtu mwingine. Sasa siku moja kidole gumba cha mguu wa babu kikavimba, kikawa chekundu, kinang'aa, hata ncha ya kanga ikikigusa alikunja uso. Akapelekwa hospitali mjini. Daktari akamwambia kuwa ule ni ugonjwa wa jongo, na akimaliza dawa aache nyama kabisa, na dagaa, na pweza.

Aliporudi alimweleza bibi peke yake, lakini mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni nikipukuchua kunde, nikasikia yote. Alimwomba bibi jambo hilo lisitoke nje. Kwa babu, jongo lilikuwa ugonjwa wa kuchekwa, ugonjwa wa mtu aliyeshindwa na kinywa chake mwenyewe. Bibi akakubali, ila naye akaweka sharti lake.

"Nyumba hii ina chungu kimoja," alisema. "Ukiacha wewe, tumeacha sote."

Babu akataka angalau samaki wabaki. Bibi akakataa. Alisema ukimfungulia mlango kibua, ng'ombe naye atataka kuingia. Basi kuanzia siku ile mbuzi pekee aliyesalia nyumbani kwetu alikuwa mbuzi wa kukunia nazi, na mimi ndiye niliyemkalia kila jioni.

Nikwambie ukweli, tulikula vizuri. Kisamvu kilitwangwa mpaka kikawa laini, kikapikwa na tui zito. Kulikuwa na mbaazi za nazi asubuhi, kunde mchana, mlenda wenye bamia, majani ya maboga, muhogo ulioiva ukapasuka wenyewe. Nasikia mpaka leo sauti ya kinu cha bibi na harufu ya tui linapoanza kuchemka, lile tui la kwanza ambalo ukiacha kulikoroga hukatika. Lakini tulikuwa hatujazoea. Tumbo lilijaa, kinywa kikabaki na njaa. Usiku niliota firigisi. Babu alikula kimya, akashukuru, akanawa mikono, kisha akakaa kibarazani akitazama barabara kama mtu anayesubiri mgeni aliyeahidi kuja. Bibi aliona. Siku moja alikata biringanya vipande vinene, akavikaanga, akavitia kwenye mchuzi wa nyanya na bizari, kwa mbali ukiviona utasema ni nyama hasa. Babu akachukua kipande, akatafuna mara mbili tatu, akamtazama bibi kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.  Bibi hakurudia tena.

Nje ya ua maneno yakaanza. Wewe unajua kijiji: moshi wa jiko lako una wasomaji wake. Jirani yetu alichinja mbuzi wa akika ya mjukuu wake, akatuletea nyama kwenye bakuli lililofunikwa kawa, bibi akapokea kwa heshima zote, kisha akanituma niwapelekee watoto wa nyumba ya pili. Jirani akaliona bakuli lake likipita. Akanuna. Baada ya hapo akasema kisimani kwamba bibi amepandwa na pepo asiyetaka damu. Wengine wakasema hapana, mganga ndiye aliyempa mwiko. Na wengine, hawa ndio waliodhuru, wakasema yule mama na yule mzee wana siri juu ya bucha: haiwezekani rafiki wa muuza nyama aache nyama kwa ghafla, pengine amegundua kuwa zinauzwa za kibudu, za mnyama aliyekufa mwenyewe bila kuchinjwa. Mahali pa Waislamu watupu, neno hilo ni moto kwenye makuti. Watu wakaanza kufuata nyama mbali, na muuza nyama akaacha kutusalimia. Nikipita mbele ya bucha na kumwamkia "shikamoo, babu," aliitikia marahaba huku akitazama pengine.

Babu alijua. Aibu ikamzuia kusema, na kila siku aliyonyamaza ilifanya ya kesho iwe ngumu zaidi.

Ndani nako hakukuwa na amani. Siku za Alhamisi babu alipeleka nazi Bagamoyo mjini, na mguu ulipopata nafuu akaanza kukawia huko. Alirudi baada ya alasiri, uso umekunjuka, na chakula cha jioni akakigusagusa tu. Wiki ya kwanza bibi akafurahi, akidhani amezoea. Wiki zilizofuata akaanza kuhesabu mambo moyoni. Mtu aliyeacha nyama hanenepi mashavu, alisema, akisema na chungu zaidi kuliko na mimi. "Kinywa ni mwizi, na mlinzi wake ni huyo huyo mwenyewe."

Akawa analinusa shati la babu kabla ya kulifua. Nilimwona uani, amelikumbatia usoni kama mtoto. Alikuwa akitafuta moshi wa mishkaki. Hakuupata. Alichokipata kilimfanya akae chini kwenye kigoda. Akaniita, akanipa ninuse mimi, kwa sababu pua za watoto, alisema, hazina chuki. Kulikuwa na harufu ya samli, na chini yake harufu nyingine kali, nzito, ya kukereketa. Niliijua mara moja. Ulikuwa mvuje.

Kama hukulelewa pwani nikueleze: mvuje ni utomvu mgumu unaonuka vibaya, huuzwa maduka ya dawa za asili, na kwetu hufungwa kwenye kitambaa cheusi ukatundikwa kwa mtoto mchanga ili jicho baya na mashetani visimguse. Nyumba yenye mvuje ni nyumba yenye kichanga. Kwetu hakukuwa na kichanga.

Bibi alikuwa na mazoea ya kuniita mke mwenza, ule utani wa bibi na mjukuu. Siku hiyo hakuniita hivyo, wala siku zilizofuata. Alipika, alitwanga, aliswali, lakini maneno yalimkauka. Mara moja tu nilimsikia akimuuliza jirani, ambaye walikuwa wamepatana kiasi, kama mwanamume wa umri ule anaweza kuanza upya. Jirani akamjibu kwamba mzee haachi kuzaa, huacha kulea.

Alhamisi iliyofuata babu aliondoka na nazi zake. Adhuhuri bibi akavaa buibui, akanishika mkono, tukaenda mjini.  Kule alikokuwa akiuza nazi tukaambiwa amekwisha maliza, ameelekea mji mkongwe kwa Baniani. Tukafuata mitaa ile ya nyumba za mawe, mpaka duka dogo la viungo na vitambaa. Mwenye duka alikuwa Mhindi mzee wa miwani minene, mnunuzi wa nazi za babu wa miaka mingi. Alipomwona bibi akasimama, akamwamkia vizuri, akatuonyesha mlango wa nyuma. Harufu ya mvuje ilitupokea kabla hatujavuka kizingiti.

Nyuma kulikuwa na ua mdogo na jiko. Babu alikuwa ameketi mkekani, mikono ya shati ameikunja, mbele yake chapati na bakuli. Mke wa Baniani, mama wa makamo aliyevaa sari, alikuwa ameshika kikaango chenye samli inayotoa moshi.  Bibi hakumtazama babu. Alimtazama yule mama, akazungusha macho pembe zote za ua.

"Mtoto yuko wapi?" akauliza.

"Mtoto gani, mama?"

"Mwenye huo mvuje."

Yule mama hakuelewa. Akainua kikaango, akaimwaga samli yake yenye mvuje na mbegu za bizari nyembamba ndani ya sufuria ya dengu, zikalia chaa, harufu ikapanda ikajaa ua mzima. Na hapo, mwenzangu, niliuona uso wa bibi ukielewa. Ulianza kulegea kwa furaha, kisha ukakaza tena, maana alikuwa ameona jambo jingine, na hilo labda lilimuuma kuliko mtoto. Mumewe alikuwa akila mboga. Mboga zile zile alizomsusia mezani kwake.

Babu akasema polepole kwamba watu wa nyumba ile hawajala nyama tangu mababu zao. Alikuja siku moja kuleta nazi akiwa na huzuni, mwenye duka akamuuliza, akamweleza ugonjwa wake, akakaribishwa chakula. Ikawa mazoea.

"Na mimi?" bibi akasema. "Mimi nilikupikia nini?"

Babu akainamisha kichwa. "Ulinipikia vyote. Mimi ndiye niliyeshindwa. Kila nikila chako nakumbuka nyama iliyokuwamo. Hapa sikumbuki kitu."

Bibi akaitazama ile sufuria ya dengu. Akauliza tu kama anajua anakula kwa watu wasiochinja kwa bismillahi.

"Dengu hazichinjwi," babu akajibu.

Mke wa Baniani akaweka bakuli la pili mkekani bila kuuliza, na la tatu dogo kwa ajili yangu. Bibi akaketi. Akanawa. Akamega chapati, akachovya, akaonja, akafumba macho kidogo kama afanyavyo mpishi anapomchunguza mpishi mwenzake. Nilisubiri ateme. Akamega tena. Kisha akamuuliza yule mama, kwa sauti kavu, mvuje unatiwa kiasi gani, kabla ya samli kupata moto au baada. Wakazungumzia mapishi mpaka alasiri ikaadhiniwa.

Tulipofika nyumbani bibi hakumruhusu babu kuvua viatu. Alimwambia kwamba yeye ameona siku hizo zote maana ya kumshuku mtu kwa jambo asilolifanya, na muuza nyama anashukiwa hivyo kila siku. Babu akaenda. Alichechemea mpaka buchani, na mbele ya wateja wachache waliokuwapo akavua kiatu, akaonyesha kidole chake, akasema jina la ugonjwa kwa kinywa chake. Watu walimcheka, kama alivyoogopa. Muuza nyama alicheka kuliko wote, mpaka akajifuta macho kwa aproni yenye damu. Kisha wakakaa pamoja kibarazani mpaka magharibi.

Na sisi tukazoea. Bibi akaanza kupika dengu kwa mvuje, ila akatia tui la nazi mahali pa samli, akatangaza kwa majirani kuwa ni pishi la mama yake. Hatukumpinga. Babu aliishi miaka mingi baada ya hapo, akafa kwa uzee, miguu yote miwili ikiwa myembamba na mizima.

Arobaini yake ilipokwisha, mama yangu mdogo aliona sasa bibi amefunguliwa mwiko wa nyama na samaki. Akamkaangia changu mzima, samaki aliyempenda tangu usichana, akamtengea peke yake. Bibi akavunja kipande, akala, akasogeza sahani.

"Amekosa chumvi," akasema, akaomba apakuliwe kunde.

Tulimwonja yule samaki baadaye jikoni. Chumvi ilikuwa sawasawa.

Duka la Baniani siku hizi linauza vifuniko vya simu. Wazee wale walifuata watoto wao ng'ambo, na jikoni kwao sijui kuna nini. Shamba la babu limekatwa viwanja, minazi michache iliyobaki ina rangi nyekundu za wapima ardhi. Bibi alimfuata mumewe zamani. Nami naishi mjini Dar, na nyumba yangu ina friji kubwa ambamo kila mtu ana bakuli lake. Wanangu wanaagiza kuku wao, mume wangu ana nyama zake, mimi nina kisufuria changu cha dengu. Nilipotangaza kwamba nimeacha nyama walinipa pole, wakaniuliza kama nahitaji chochote, wakaendelea kula. Ni watu wema, hawanisumbui. Naweza kurudi nyumbani nikinuka harufu yoyote ile duniani, hakuna atakayeuliza nilikuwa kwa nani.